Mkate Uliofika Saa Tatu na Robo

Soko la Mpondwe siku ya Ijumaa halimwogopi mtu. Lori la samaki likipiga honi, muuza kabichi hasogei; mbuzi akikanyaga nyanya, mwenye nyanya na mwenye mbuzi wanatukanana kwa lugha tatu. Lakini Ijumaa ya kwanza ya Novemba 2013, mbele ya meza ya Benoît, Mkongomani anayeuza viungo na matunda makavu, watu walisimama kutazama. Askari polisi mrefu, mweusi tii, buti zinang'aa, alikuwa amezuia kikapu cha msichana.

"Hii nini?" aliuliza, akiinua kifuko cha unga mweupe.

"Bekingi pauda, afande."

"Inafanya nini?"

"Inainua mukate. Hata wewe nikikuwekea kijiko moja, utagonga bati."

Soko likacheka. Askari akachovya kidole, akalamba, akakunja uso mzima.

"Sasa nani alikuambia iko ya kulamba?" msichana akamwuliza. "Nyumbani kwenu unga wanakula mubichi?"

"Afande, mwachie," Benoît alisema huku akipima zabibu. "Huyu dada hatari yake iko moja tu. Ukionja mukate yake, utarudi."

Askari hakucheka. Alirudisha kifuko kikapuni taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Jumanne, siku nyingine ya soko, alirudi.

Jina lake lilikuwa Aloysius, Mwacholi kutoka kaskazini, anayekaa kambi ya polisi Kasese. Msichana aliitwa Evas, Mkonzo, mwenye miaka ishirini na saba na nyumba ya vyumba viwili kando ya mto unaogawa Uganda na Kongo. Mama yake alikuwa amekufa miaka mitatu nyuma. Kaka zake wameoa ng'ambo, Kongo, wanakuja kwa mazishi tu. Kilichobaki ni mkate. Haukuwa mkate wa hamira unaosubiriwa uumuke usiku kucha. Evas aliponda ndizi tamu za bogoya, akapiga mayai na sukari, akatia unga, tangawizi, karanga zilizokaangwa, zabibu na nanasi kavu, akaingiza kwenye sufuria kubwa yenye mchanga wa moto, makaa juu ya kifuniko. Saa moja, umeiva. Kuanzia Novemba mji mzima wa Bwera, jirani na Mpondwe, ulimwagiza mkate wa Krismasi. Nyumba hamsini zilikula kazi ya mikono yake siku hiyo, na hakuna hata moja iliyomwita mezani. Si kwa ubaya. Kila mtu alidhani ana kwao.

Upweke haupigi kelele. Unakaa kwenye kigoda cha pili, unakutazama ukila.

Kwa hiyo Aloysius alipoanza kupiga simu kila jioni, Evas alikuwa akiifuta simu yake kwa leso kabla haijalia.

"Umekula?"

"Nimekula, afande."

"Usiniite afande. Nimevua kofia."

"Na buti?"

"Buti bado."

"Basi bado iko afande."

Alicheka kicheko kizito, kifupi, cha mtu asiyekizoea. Alimwambia hajaenda kwao Krismasi nne. Alimwambia kwamba kambini watu ni wengi kama siafu, na mtu anaweza kuugua siku mbili pasipo kuulizwa. Walizungumza Kiswahili, yeye cha amri, Evas cha mpakani, lugha ambayo hakuna kati yao aliyezaliwa nayo. Wakaijenga kama watu wawili wanaojenga kibanda kwa mbao za kuokota.

Jumapili kabla ya Krismasi alikuja Mpondwe akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi na simu mpya ndani ya boksi. Ile ya Evas ilikuwa imefungwa kwa mpira.

"Nimehamishwa," alisema kabla hajaketi. "Moroto, upande wa pili wa nchi. Lori inatoka kambini Jumanne, saa tatu asubuhi."

Evas aliendelea kuchambua zabibu. Alizochambua alizichanganya na zisizochambuliwa.

"Nataka kukuoa," Aloysius akasema. "Lakini usinijibu sasa. Usinijibu kwa simu. Kuna mwanamuke alinikataa kwa simu, wenzangu wote wanasikia. Sirudii hiyo. Ukikubali, njoo Kasese Jumanne mbele ya saa tatu, na mukate yako mukononi. Usipokuja nimeelewa. Sitapiga simu, sitauliza mutu."

"Na mimi nikitaka kuulizwa vizuri?"

"Nimeuliza vizuri."

"Umetoa amri, Aloysius."

Aliweka boksi la simu mbele yake, akatoka. Kiburi kilikuwa fimbo yake ya kutembelea, ungemnyang'anya, angeanguka.

Evas alikubali moyoni kabla vumbi la bodaboda yake halijatua. Jumanne alfajiri aliwasha makaa. Saa kumi na moja kwa simu mpya aliingiza mkate. Saa kumi na mbili akautoa, umepanda, umepasuka katikati kama tabasamu. Mvua ya mlimani ilikuwa inanyesha, mbingu imefunikwa, hata jua hukuliona limefika wapi. Alivaa gauni la kitenge cha kijani na viatu vyeupe vya kanisani, akaufunga mkate kwa kitambaa safi, akapanda kiti cha mbele cha pikapu iliyobeba kahawa. Muda ulikuwepo wa kutosha. Mkate ulimchoma mapaja, naye hakuusogeza.

Njiani, walipopita mji wa Kinyamaseke, alitazama simu: saa moja na nusu. Akainamisha macho kupangusa tope kiatuni. Alipotazama tena: saa mbili na nusu.

Mtoto yeyote wa Mpondwe anajua kwamba ng'ambo ya mto saa iko nyuma kwa saa nzima, na kwamba simu nyingine hulala Uganda zikaamka Kongo. Watu wa pale hawaulizani saa bila kuongeza, "Ya huku au ya ng'ambo?" Lakini simu yake ya zamani haikujua kujipangia saa, aliipanga mwenyewe kwa kidole miaka sita. Hii ya mapenzi ilikuwa na akili. Usiku ilisikiliza mnara wa Kongo, ikautii; Kinyamaseke ndipo ikarudi kwenye saa ya Uganda.

"Dereva, kimbiza!"

"Dada, hii kahawa si ambulansi."

Alimpigia Aloysius. Imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa.

Alifika kwenye geti la kambi saa tatu na robo. Palikuwa na alama za magurudumu kwenye tope, na mke wa sajenti, mama mnene aitwaye Aber, akifagia maji.

"Wewe ndiye wa mukate," Aber alisema.

"Mama, ameenda?"

"Ameenda. Alisimama hapo, amenyoa ndevu. Walimuita mara tatu kupanda lori. Ah, binti yangu. Ulikuwa wapi?"

Evas alifungua mdomo kueleza habari ya minara na saa, akasikia jinsi inavyofanana na uongo. Akampa Aber mkate wote, akarudi.

Krismasi ilipita juu yake kama gari lisilosimama. Ngoma za kanisani zilipigwa, majirani walicheka, harufu ya mkate wake mwenyewe ilimjia kupitia madirisha ya watu. Alipiga ile namba asubuhi, mchana, jioni. Siku ya nne iliita.

"Sema," ilisema sauti, ngumu. Nyuma yake wanaume walikuwa wakibishana juu ya karata.

"Nilikuja. Saa tatu na robo. Simu uliyonipa ilishika saa ya Kongo."

"Evas. Umezaliwa hapo. Hiyo saa ya Kongo unaijua kuliko jina lako."

"Ndiyo maana inaniuma! Muulize Mama Aber. Mukate amekula na watoto yake."

Karata zikapigwa mezani.

"Nilisimama pale kama mujinga," Aloysius alisema hatimaye, chini. "Nilizima simu tangu alfajiri, kama ni uchungu niusikie peke yangu."

"Na mimi nilisikia wangu peke yangu. Wewe ulinipa saa badala ya swali. Mutu anaolewa na saa? Uliza sasa. Kwa mudomo. Mimi nimechoka kuwa peke yangu, lakini sitaolewa na amri."

Alisubiri.

"Mbona umenyamaza?"

"Ninangoja hawa watu watoke hemani."

"Waache. Wasikie."

Akakohoa kama mtu anayetoa ripoti mbele ya mkubwa. Kisha, kwa sauti ya gwaride iliyozima karata zote, akasema: "Evas, ninakuomba. Utakubali nikuoe?"

"Nimekubali," Evas akasema. "Naja Moroto. Niambie tu basi inatokea wapi."

Hemani makofi yalilipuka, miluzi, mtu akagonga sahani. Mpondwe, katika chumba chenye vigoda viwili, hakukuwa na wa kupiga makofi. Evas alishikilia simu sikioni hadi kelele zikaisha, kisha akasema kwa sauti ndogo, karibu ya aibu:

"Aloysius, mpenzi. Waambie wapige tena."