Kifo Katika Ghala la Kamba

Maiti ya Phurtemba ilikutwa asubuhi, imelala kifudifudi juu ya kamba za kupandia mlima, katika ghala lililo nyuma ya nyumba ya wageni ya Tsamji. Kisogo kilikuwa kimebonyea. Damu ilikuwa imegandia kwenye kamba mpya zilizoandaliwa kwa safari. Kando ya bega la marehemu lilikuwa limeanguka shoka la barafu, na ncha yake ilikuwa nyekundu.

Inspekta Harka Limbu alisimama kizingitini akitazama bila kugusa kitu. Nyuma yake nusu ya mji wa Namche ilikuwa imekusanyika uani, na hakuna aliyemwamkia. Alikuwa amekitumikia kituo cha hapo kwa miaka, lakini kwao alibaki mtu wa mashamba ya chai ya Ilam, aliyeletwa na serikali kuja kuwafunga watoto wao.

"Shoka la nani hili?"

Watu walitazamana.

"Mna masikio au mmeyaacha nyumbani? Shoka la nani?"

"Langu." Mwanamume mwembamba, mwenye midomo iliyobabuka kwa jua la theluji, alijitokeza mbele. Alikuwa Nawang Thile, msaidizi wa marehemu katika kuongoza wapandaji.

"Limefikaje hapa?"

"Ghala ndiko mashoka yanakokaa, afande. Ulitaka nilale nalo?"

"Nasikia jana uligombana na marehemu."

"Kila mwenye akili aligombana naye jana."

Limbu alimgeukia konstebo wake. "Bhim, mfunge pingu."

Watu walinung'unika. Mwanamke mmoja alitema mate chini, karibu kabisa na kiatu cha Limbu. Nawang alinyoosha mikono yake mwenyewe, akimtazama inspekta machoni kama mtu anayemtazama mbwa wa jirani.

Habari ya ugomvi ule ilijulikana kwa wote. Wakorea wanne walikuwa wamefika kupanda mlima wa Pokarma Ri, na jioni iliyotangulia kilifanyika kikao cha kupanga safari katika ukumbi wa chakula. Phurtemba, kiongozi wa msafara, alikuwa ametandaza ramani mezani na kutangaza kwamba hawatapumzika katika kijiji cha njiani kuizoea hewa ya juu. Wangeenda moja kwa moja hadi kambi ya mwisho, wawahi kilele kabla upepo haujageuka. Kisha akapanga nani atangulie kwenye ukuta wa barafu ulio chini ya kilele, kuwafungia wengine kamba.

"Dolkar," alisema. "Atakuwa wa kwanza."

Dolkar alikuwa mwongozaji kijana, binti wa Yangjin, mpishi wa nyumba ile. Nawang aliposikia hivyo alipiga meza mpaka chai ikamwagika juu ya ramani. Alisema haifai kukimbia bila kupumzika kijijini, tena ufa ulio chini ya ukuta ule umepanuka tangu majira ya kuchipua, yeye mwenyewe aliuona.

"Utazika watu, Phurtemba. Ulishamzika baba yake, sasa unamtaka na binti?"

"Anayeogopa abaki hapa amenye viazi," Phurtemba alijibu.

Nawang alimkaba kola, ikabidi Wakorea wainuke kuwaamulia.

Kwa Limbu, kesi ilionekana imekwisha kabla ya chai ya asubuhi. Jambo hilo lenyewe lilimkera. Aliagiza maiti ibebwe hadi kituo cha afya, akabaki ghalani akichunguza. Ukutani palikuwa na safu ya misumari ya kutundikia mashoka. Msumari mmoja, ule uliokuwa juu ya mahali kilipoangukia kichwa, ulikuwa mtupu.

Alipofika kituo cha afya alimkuta Bhim ameinamia beseni, akijimwagia maji usoni na kutukana.

"Umelia msibani, konstebo?"

"Jicho linawaka, afande. Nilimshika marehemu kichwa tulipombeba, halafu nikajifikicha. Sijui kuna nini kwenye damu yake."

Daktari Prabina Maharjan alitoka chumba cha ndani akivua glavu. Alikuwa mwanamke mfupi asiyependa maswali ya kurudiarudia.

"Kuna pilipili," alisema. "Pilipili kavu iliyosagwa, imeingia ndani ya jeraha pamoja na nywele. Usiniulize mara mbili, nimeiangalia kwa lenzi."

"Na shoka?"

"Shoka la barafu lingetoboa, Inspekta. Ncha yake ni kama mdomo wa tai. Huyu amepigwa kwa kitu butu, kizito, cha mviringo. Pigo moja la kumwangusha, la pili akiwa chini. Mfupa umebonyea kama bakuli."

"Basi damu ya kwenye shoka?"

"Imeruka au shoka limeangukia ndani yake. Hilo ni lako, si langu."

Limbu aliufikiria msumari mtupu. Mtu anapoanguka huku akipapasa ukuta, hushika lolote lililo mbele ya mkono. Alimwacha Bhim na beseni lake, akapanda ngazi za mawe kurudi kwa Tsamji.

Dolkar alikuwa uani akizitandua kamba zenye damu na kuzikata vipande. Alikuwa na mabega mapana na kisu kikali.

"Hivyo ni vielelezo," Limbu alisema.

"Bhim ameshachukua kipande. Kamba yenye damu haifai kumbeba mtu."

"Nani alikuweka wa kwanza kwenye ukuta?"

"Kiongozi ndiye hupanga."

"Ulikubali?"

"Wewe ukipangiwa doria huwa unamuuliza mkeo?"

"Jana jioni baada ya ugomvi ulikuwa wapi?"

"Na Wakorea, nawafundisha kufunga njumu za barafu viatuni. Waulize. Watakwambia niliwagombeza wote wanne." Alikata kipande kingine. "Mwachie Nawang. Ana mdomo mbaya, lakini hapigi mtu kwa nyuma."

"Basi nani hupiga kwa nyuma hapa?"

Dolkar aliinamia kamba. Limbu aliingia jikoni.

Yangjin alikuwa kando ya jiko la kuni, mwanamke wa makamo aliyesuka nywele na kuzizungusha kichwani. Alikuwa akiponda pilipili kavu kwa kitako cha kikombe cha chuma juu ya jiwe pana la kusagia. Pilipili zilikuwa zikiruka huku na huko.

"Karibu, afande. Chai ya chumvi au ya maziwa?"

"Si leo. Jiwe hili lina mwenzake, au sivyo? Lile la mkononi."

"Lilipasuka."

"Lini?"

"Juzi."

"Vipande viko wapi?"

"Nimetupa. Nani anatunza jiwe lililopasuka?"

Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa Tsamji, mwenye nyumba, mikono kiunoni. "Limepasuka? Jiwe hilo nimelirithi kwa bibi yangu, Yangjin. Jana mchana nimesagia viungo vya timur kwa mkono wangu huu. Lilipasuka vipi juzi?"

Yangjin aliendelea kuponda. "Basi ni jana. Siku zinanichanganya."

"Jana saa ngapi?" Limbu aliuliza.

"Afande, mimi napikia wageni wanne, wapagazi, na sasa wafiwa. Huwa siangalii saa kila kitu kinapovunjika."

"Jiwe la mtoni, zito hivyo, halivunjwi na pilipili. Linavunjwa na jiwe jingine. Uliligonga kwenye nini?"

"Liliniponyoka."

"Kwenye sakafu ya mbao?"

Kikombe kilisimama. Uani, kisu cha Dolkar nacho kiliacha kukata.

Limbu aliwaita askari wake wawili wapekue. Majivu hayakuwa na kitu, wala shimo la choo. Tsamji mwenyewe ndiye aliyewaelekeza nyuma ya nyumba, kwenye shimo la kuhifadhia viazi visigandishwe na baridi, akisema kwa hasira kwamba kama jiwe la bibi yake limo humo, mtu atamtambua. Waliondoa nyasi, wakaondoa viazi. Chini kabisa, ndani ya aproni iliyokunjwa, lilikuwemo jiwe. Halikuwa na ufa wowote. Upande mmoja ulikuwa umesuguliwa kwa majivu, lakini nywele mbili zilikuwa zimenasa kwenye kijitundu, na aproni ilikuwa na damu.

"Aproni ya nani?" Limbu aliuliza, ingawa watu wote walikuwa wakimtazama mtu mmoja.

"Yangu," Yangjin alisema. "Hakuna haja ya kupekua tena."

Askari walilitia jiwe ndani ya mfuko. Kisha Tsamji akaanza kumtukana kwa Kisherpa, taratibu, bila kupaza sauti, na hakuna aliyemzuia.

Kituoni, Limbu alimpa Yangjin onyo la kisheria na kumweleza kwamba hakulazimika kusema lolote. Yangjin alisema ameshalazimika kunyamaza vya kutosha. Nawang alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, pingu zimefunguliwa, na Dolkar alikuwa amesimama dirishani kwa nje akisikia kila neno. Limbu aliliacha dirisha wazi.

"Uliingiaje ghalani?"

"Kwa miguu yangu. Niliwasikia wakigombana kuhusu mwanangu, mimi niko jikoni nasaga pilipili ya viazi. Phurtemba alipotoka kwenda kupanga kamba, nikamfuata. Jiwe lilikuwa bado mkononi. Sikulibeba kwa nia, afande. Lilikuwa mkononi tu."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia amtoe Dolkar. Amweke nyuma, amweke kambini apike, popote. Nikamwambia, mume wangu alitangulia kwenye ukuta huo huo, na wewe ndiye uliyekuwa kiongozi, na ukarudi na kofia yake. Kofia tu. Mpaka leo yumo ndani ya ule ufa, na mimi sina hata majivu yake ya kupeleka monasterini. Nikamwambia, nilikupigia magoti siku ile Dolkar alipoanza kazi, ukaniahidi atabaki chini."

"Akajibu nini?"

Yangjin alitazama mikono yake. Ilikuwa myekundu kwa pilipili.

"Alikuwa anahesabu mafungu ya kamba. Hakugeuka. Akasema, 'Si mimi, Yangjin. Ni yeye ameng'ang'ania. Nenda kamuulize mwanao.' Nikajua ni uongo. Ndivyo alivyosema na kuhusu mume wangu, eti aliomba mwenyewe kutangulia. Kila anayekufa kwa Phurtemba ameomba mwenyewe. Nikampiga."

"Mara ngapi?"

"Daktari hajakwambia?"

"Nataka kusikia kwako."

"Alipoanguka alivuta shoka likaanguka naye. Akataka kuinuka. Nikampiga tena." Alivuta pumzi. "Nilidhani mpango utavunjika. Bila kiongozi, nani atawapandisha?"

"Asubuhi ulimwona Nawang akifungwa pingu. Shemeji yako, ndugu wa mumeo. Ukaendelea kukoroga chai."

"Naye alikuwa anakwenda huko mlimani," Yangjin alisema. "Jela hakuna ufa wa barafu."

Nje, Nawang alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha, akainuka kwenye benchi na kwenda zake.

Ndipo Dolkar alipoingia. Konstebo Bhim, jicho lake moja bado limevimba, alitaka kumzuia, Limbu akampa ishara amwache. Dolkar hakumkaribia mama yake. Alisimama upande wa pili wa meza.

"Hakukudanganya," alisema.

"Kaa chini, mwanangu."

"Usiniite hivyo. Sikiliza. Mimi ndiye niliyemwomba. Nilimwomba mwaka jana akanikatalia kwa sababu ya ahadi yake kwako. Nikamwomba tena akanikatalia. Safari hii nikamwambia asiponiweka mbele ninahamia kampuni nyingine, nitatangulia kwenye mlima mwingine, na watu nisiowajua. Akaona afadhali niwe mbele ya macho yake. Alilia, mama. Mzee yule alilia, halafu akaja kikaoni akajifanya jabari ili msijue."

Yangjin alitikisa kichwa.

"Na baba je?" Dolkar aliendelea. "Umewahi kumuuliza mtu? Wapagazi wote walisikia. Baba aliomba kutangulia. Alitaka. Watu hutaka, mama. Wewe ulihitaji mtu wa kumchukia, ukamchagua aliyekuwa anakuletea kuni kila msimu wa baridi."

"Mbona hukuniambia?"

"Kwa sababu ungefanya jambo baya. Nilidhani ungejiua. Sikudhani ungeua mtu."

Limbu aliandika maelezo yote, akamsomea Yangjin, akamwonyesha pa kuweka dole gumba. Helikopta ya kumpeleka mahabusu ya Salleri, makao ya wilaya, ingefika mawingu yakipanda. Yangjin aliuliza jambo moja tu, si kwa inspekta bali kwa binti yake.

"Lakini sasa huendi. Si ndiyo? Angalau huendi."

Dolkar alikuwa ameshika kitasa cha mlango.

"Tukishauchoma mwili wa Phurtemba tunaondoka. Nawang ataongoza. Tutapumzika kijijini kama yeye Nawang alivyotaka, hatutakimbia."

"Na nani atatangulia kwenye ukuta?"

Binti yake alimtazama kama wanavyotazamana watu wasiofahamiana barabarani.

"Mimi," alisema, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.

Hapo ndipo Yangjin alipoanza kulia. Inspekta Limbu alimkabidhi Bhim ufunguo wa pingu, akaenda dirishani. Binti yule alikuwa akishuka ngazi za mawe kuelekea kwa Tsamji, na watu waliosimama njiani walimpisha bila kumsemesha.