Shati Lililorudi Msumarini

Fundi alikuwa na sheria moja katika kibanda chake cha baiskeli. Baiskeli haitoki mpaka yeye mwenyewe aipande. Hata iwe imeletwa kuzibwa pancha tu, ataizungusha mpaka kwenye nguzo ya umeme na kurudi, huku amelaza sikio anausikiliza mnyororo. Mtaa mzima ulizoea kumwona mzee wa miaka hamsini na minane, magoti nje, juu ya baiskeli ya waridi ya mtoto wa shule. Akirudi hushuka na kusema, "Chukua. Sasa haina maneno."

Mke wake, Mama Kadogo, alikuwa anafua na kupiga pasi nguo za watu uani kwake. Naye alikuwa na sheria yake. Nguo haiingii majini kabla hajapekua mifuko. Humo alishakuta funguo, meno ya bandia, na barua za mapenzi za watu wazima wenye heshima zao. Asubuhi moja, kwenye ovaroli ya mumewe, alikuta karatasi ya hospitali.

"Baba Kadogo, hii nini?"

Fundi aliiangalia kama vile si yake. "Ah. Kipimo."

"Kipimo cha nini? Mimi ni mkeo au ni jirani?"

"Cha damu. Si nilikuwa naamka kwenda chooni kila saa? Wakanipima kitu wanaita PSA. Ni cha tezi dume. Imekuja kumi na moja."

"Ilitakiwa iwe ngapi?"

"Daktari alisema angependa iwe chini ya nne."

Mama Kadogo alikaa juu ya beseni lililopinduliwa. "Ni saratani?"

"Sijui. Hata yeye hajui. Kasema nirudi baada ya wiki sita wapime tena. Ndiyo maana nikanyamaza. Nilitaka nije na neno la uhakika."

Mchana ule Mama Kadogo hakupiga pasi. Aliichukua karatasi akaenda nayo kwa shemeji yake, mdogo wake Fundi, ambaye ni kinyozi. Kwa kinyozi kila habari inapita.

"Shemeji, umelia au ni sabuni?" kinyozi alimuuliza.

"Leo punguza mzaha. Soma hapa."

Shemeji alisoma, akakuna kidevu. "Kuna mteja wangu yalimkuta haya haya. Aliambiwa kiti cha baiskeli kinaibonyeza hiyo tezi, namba inapanda. Na huyu kaka yangu anashinda juu ya viti vya watu! Hata mimi ningekuwa tezi ningekasirika."

Mama Kadogo alicheka mpaka machozi yakamtoka tena. Moyo ukatulia. Kumbe ni kiti! Na lile neno lilikuwa na chembe ya kweli ndani yake, ndiyo maana lilimdanganya vizuri.

Akarudi na amri. Fundi asipande tena baiskeli. Chai ya jioni basi, na maji basi jua likizama. Fundi akatii. Wateja wakaanza kupewa baiskeli zao bila kujaribiwa. Na kweli, usiku akawa anaamka mara moja tu.

Wiki ya sita ikafika. Asubuhi Fundi alishusha shati lake jeupe la safari kutoka kwenye msumari, akalivaa.

"Unakwenda wapi?" Mama Kadogo aliuliza.

"Leo ndiyo ile siku ya kupima."

"Kutafuta nini tena? Baiskeli umeacha. Unalala. Ukienda watakushika, watakuchokonoa, na ikishachokonolewa ndiyo inaamka. Nimesikia wengi. Kaa nyumbani, nakuomba."

Fundi alisimama mlangoni. Tuseme ukweli, naye alikuwa anatafuta mtu wa kumzuia. Akafungua vifungo, kimoja kimoja, akalirudisha shati msumarini.

"Basi tutaenda mwezi ujao."

Mwezi ujao ukaja, ukapita. Ukaja mwingine.

Usidhani walikuwa na raha. Nyumba ilikuwa kimya kama ina mgeni asiyetakiwa. Fundi akienda chooni, Mama Kadogo aliacha pasi akasikiliza. Fundi alimfokea binti yao, Kadogo, kwa sababu ya chumvi. Kila mmoja alikuwa na ile kumi na moja kichwani, na hakuna aliyeitaja.

Mwezi wa saba tangu ile karatasi, nesi wa zahanati alileta baiskeli yake, breki zimekwisha. Alipokuja kuichukua, Mama Kadogo alikuwepo kibandani, ameleta chupa ya chai.

"Tayari, sista," alisema Fundi.

"Mbona sijakuona ukiipanda? Niliikubali foleni yako kwa sababu ya ile sheria."

"Siku hizi sipandi. Afya."

"Afya gani hiyo inayozuia baiskeli?"

Fundi alimtazama mkewe. Mama Kadogo ndiye aliyesema yote, kuanzia karatasi mpaka kwa kinyozi. Nesi alivuta kigoda akakaa.

"Sikilizeni. Baiskeli inaweza kuipandisha hiyo namba kidogo. Ni kweli. Ndiyo maana mtu huambiwa asipande siku mbili tatu kabla ya kupima. Maambukizi kwenye mkojo yanaweza kuipandisha. Tezi ikikua tu kwa umri, namba inapanda. Na saratani pia inaweza. Namba yenyewe haisemi ni ipi kati ya hizo. Fundi, mteja akija tairi limelegea, unajua ni msumari?"

"Hapana. Huenda vali inavuja. Natoa mpira, nauweka kwenye beseni la maji, naangalia mapovu yanatokea wapi."

"Na mteja akikwambia, 'Ah, ni vali tu, usiangalie'?"

"Simwachii. Ataanguka barabarani."

Neno lake mwenyewe likamrudia Fundi. Akaliangalia beseni lake la maji machafu.

"Lakini nakojoa vizuri sasa," alisema kwa sauti ndogo.

"Kwa sababu umeacha chai na maji ya jioni. Saratani ya tezi dume mwanzoni mara nyingi haina dalili yoyote. Unaweza kukojoa vizuri na ipo."

"Ni mimi, sista," alisema Mama Kadogo. "Mimi ndiye niliyemvua shati."

"Nilivua mwenyewe," alisema Fundi. "Vidole vilikuwa vyangu."

"Na wakimkata kipande cha nyama kwenda kupima, haiamki?" aliuliza Mama Kadogo.

"Haiamki, mama. Hofu hiyo tunaisikia kila siku. Wanatumia sindano nyembamba kuchukua vipande vidogo wakavipime. Anaweza kuona damu kidogo kwenye mkojo siku chache. Akipata homa, arudi upesi, asingoje. Lakini sindano haisambazi saratani." Nesi alisimama, akashika baiskeli yake. "Kusubiri majibu kunaumiza, siwadanganyi. Ila msisubiri kimya. Andikeni tarehe mahali mtakapoiona wote. Maswali yaandikeni, msiyategemee kichwani. Tengeni saa moja ya siku ya kulizungumza, na mkimaliza, mmemaliza. Mwende wawili. Na habari za matibabu msizitafute kwa kinyozi."

"Kinyozi ni mdogo wangu, sista."

"Basi huyo mpelekeni na yeye akapimwe! Ukiwa nayo wewe, hatari yake inapanda."

Kipimo cha pili kilikuja kumi na sita. Wakampiga picha, halafu wakamchukua vile vipande. Majibu baada ya wiki tatu. Fundi aliandika tarehe kwa chaki ukutani kibandani, kubwa, juu ya orodha ya spea. Kila jioni walikaa na chai, ile chai iliyokuwa imefutwa, wakazungumza mpaka vikombe viishe.

"Unaogopa nini hasa?" Mama Kadogo alimuuliza jioni moja.

"Naogopa utaanza kuniona mgonjwa. Jana umenimenyea chungwa."

"Nilikuwa nakupenda!"

"Miaka thelathini unanipenda, machungwa namenya mwenyewe."

Wakacheka pamoja, mara ya kwanza tangu ile karatasi. Mama Kadogo akaona kitu kilichomuuma zaidi. Zile wiki sita za mwanzo wangeweza kusubiri hivi hivi. Kumbe waliogopa miezi yote saba, kila mtu peke yake, bure.

Tarehe ilifika. Daktari alikuwa na karatasi tatu mezani, na Mama Kadogo alikuwa na daftari la maswali mapajani.

"Ni saratani," daktari alisema. "Bado iko ndani ya tezi, haijatoka. Inatibika. Tutaanza na mionzi."

Fundi alishusha pumzi. Mama Kadogo alifungua daftari. Maswali kumi na moja, aliyauliza yote. Kisha akauliza moja ambalo halikuwa limeandikwa.

"Daktari, tungekuja ile siku ya kwanza, ingekuwaje?"

Daktari alivua miwani. "Mama, siwezi kukwambia. Huenda ingekuwa hivi hivi. Huenda ingekuwa ndogo zaidi, tukaiangalia tu bila kuigusa. Siku hiyo hatukuipima."

Neno hilo Mama Kadogo anatembea nalo mpaka leo. Angeambiwa amekosa, angelia yakaisha. Angeambiwa hakukosa, angelala. Hakuambiwa hata moja.

Mionzi ilimchosha Fundi, lakini aliimaliza. Namba ikashuka, ikaendelea kushuka. Daktari alipomruhusu, alipanda baiskeli ya nesi mpaka kwenye nguzo ya umeme na kurudi, akahema, akasema, "Breki za nyuma zinalalamika. Acha nizitazame."

Shemeji naye alipangiwa siku ya kupimwa damu. Asubuhi hiyo alikuja ameshika mkasi. "Shemeji, saluni imejaa, watu wamekaa mpaka nje. Nitaenda wiki ijayo."

Mama Kadogo hakubishana naye. Aliingia ndani, akashusha lile shati jeupe msumarini, akalipiga pasi ingawa halikuwa na kunjo. Akatoka nalo.

"Vaa."

"Hili si la kaka?"

"Vaa."

Shemeji alitaka kutania, akamtazama usoni, akavaa. Mama Kadogo alimfunga vifungo mwenyewe, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni.

"Shemeji, unanikaba."

"Nikukabe tu," alisema, akavaa viatu. "Tangulia. Nakuja na wewe."