Kiuno cha Upande wa Kushoto

"Baba, Maran anataka kuja kunichumbia."

"Yule anayecheza malkia Draupadi kwenye maigizo ya mtaani? Anayevaa sari?" Mzee Thangavelu hakuinua hata macho kutoka kwenye sanamu yake ya nta. "Hapa kwangu hakanyagi!"

Kuyili, binti yake, akaitazama sanamu. Ilikuwa ya mungu Ardhanarishvara: kulia Shiva, kushoto mkewe Parvati, mwili mmoja. Juzi kuhani wa hekalu aliikataa. "Mzee, huyu ni mwanaume mwenye titi moja. Mke yuko wapi?" Tangu hapo mzee alikuwa akikikwangua kiuno cha upande wa mke, wapi! Na kesho nta ilipaswa kufunikwa udongo, kisha iyeyushwe, shaba imiminwe mahali pake.

"Baba, kila asubuhi unamsujudia aliye mume na mke kwa pamoja. Maran amekukosea nini?"

"Mungu ni Mungu. Mkwe ni mkwe."

Kuyili akachukua simu: *Njoo karakana sasa hivi. Usilete matunda, lete kiuno chako.*

Jibu likaingia: *Baba yako atanitupa kwenye tanuru! Nakuja.*

Maran akafika na shati lake jeupe, wanja wa onyesho la jana bado machoni.

"Nani kamwita huyu?" mzee akafoka.

"Mimi. Maran, simama pale. Kulia Shiva, kushoto mkewe."

Maran akakaza mguu wa kulia kama nguzo. Kisha akalegeza goti la kushoto, kiuno kikahama, mkono ukashuka wenyewe. Mzee akasahau kufoka.

"Nani kakufundisha?"

"Mama. Alisimama hivi akingoja zamu bombani, mimi kanibeba kiunoni."

"Na wewe hasa ni nani? Mume au mke?"

"Siku nyingine huyu, siku nyingine yule, mzee. Kuyili anatujua wote wawili."

"Na nawapenda wote wawili," Kuyili akasema.

Mzee akakohoa. Akapasha kisu moto.

"Usitikisike," akasema, akaanza kuchonga.

Kuhani aliporudi, aliikubali sanamu.

Wiki tatu baadaye, shaba ilikuwa imepoa ndani ya udongo. Katika nyumba ile, nyundo ya kwanza ya kuuvunja ilishikwa na ndugu wa damu tu. Kuyili akanyoosha mkono kama kawaida. Baba yake akaipitisha nyundo mbele yake, akampa Maran.

"Gonga, mkwe. Taratibu hapo kiunoni. Hapo ulisimama wewe."