Abiria Saba wa Feri ya Saa Nne na Nusu

Pikipiki nyeusi ya Honda Beat ilipanda ukingo wa barabara, ikapita katikati ya meza mbili za muuza lontong, wali wa kufungwa majani, ikapindua sufuria, ikapotea.

Marwati alisimama. Mkono ulikuwa kiunoni, juu ya bastola ya Pindad. Hakuichomoa. Mbele yake watoto wa chekechea walikuwa wanavuka wameshikana mikono.

Redio ya Motorola ikakoroma sikioni.

"Kikombe kimevunjika. Narudia, kikombe kimevunjika."

Maana yake orodha imefutwa.

"Gunarso kanitoka," alisema Marwati.

"Mwache. Feri inaondoka saa nne na nusu. Rudi gatini."

Akatazama Casio yake. Saa nne na dakika nane.

Akakimbia.

Jana mchana Makao Makuu walikuwa wamempa Pak Gunarso, mkuu wa kompyuta pale gatini, nambari za pasipoti za wasichana saba ili azizuie. Yeye peke yake. Hakuna nakala, wakubwa walisema, siri isije ikavuja. Siri haikuvuja. Ilivaa viatu, ikawasha pikipiki, ikaondoka.

Wasichana saba. Wote wameahidiwa kazi ya kompyuta ng'ambo, ofisi yenye kiyoyozi, chumba cha bure. Kinachowangoja ni jengo lenye seng'enge na walinzi. Binti anapewa simu kumi, anatapeli watu tangu asubuhi, na asipofikisha kiwango anachapwa kwa waya wa umeme. Wenye mabinti wasikie vizuri: matangazo ya kazi hizo yana picha nzuri kuliko za harusi.

Kati ya hao saba, Marwati alijua jina la mmoja tu. Paryati, miaka kumi na tisa. Mama yake, Bu Sarinten, mkaanga tofu, alikuwa amemjia mara tatu na picha ya binti akiwa darasa la sita.

"Hatapanda," Marwati alikuwa amemwambia.

Alisema hivyo bila kuulizwa. Sasa lilikuwa deni la mdomo wake.

Chumba cha kompyuta kilikuwa wazi. Kahawa ya Gunarso bado ya moto. Kompyuta yake ya ThinkPad bado imefunguliwa kwa jina lake, maana mtu anayetoroka hafungi kazi.

"Mas Tugino, uko wapi?"

"Langoni." Tugino alikuwa mwenzake, kavaa sare ya mfagizi. "Bu, hapa kuna wasichana mia tatu, wote vitambaa kichwani, wote barakoa. Ile picha ya darasa la sita ukaitundike ukutani."

"Usimguse mtu mpaka skrini iwe nyekundu."

"Najua. Sisi hatupo kwenye karatasi yoyote. Nikimshika msichana hapa, nitakula kipigo cha abiria kwanza."

Saa nne na dakika kumi na nne.

Marwati alifungua jedwali la abiria. Mafunzoni alikuwa amepewa wiki mbili za mambo haya, akasinzia moja. Jambo moja alilishika: kabla ya kubadilisha rekodi, fungua kazi kwa amri ya kuanza, ili ukiharibu uweze kurudisha.

Akaianza. Akaandika: badilisha hali iwe ZUIA, pale ambapo jina la kwanza ni Paryati na jina la ukoo ni tupu.

Paryati hana jina la ukoo. Watu wa kwao wengi wana jina moja tu, na halijawahi kuwapungukia.

Akabonyeza.

Kosa. Kompyuta haijui safu inayoitwa Paryati.

Alikuwa hajaweka alama za kunukuu. Mashine ilidhani Paryati ni safu ya jedwali, si jina la mtu. Akazungushia alama. Akabonyeza tena.

Mistari iliyobadilika: 0.

Hakuna kosa. Hakuna karipio. Sifuri tu. Hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mashine imekutii na haijafanya kitu.

"Bu, wameanza kupanga foleni," Tugino alisema.

"Nasikia."

"Kuna mwanamke wa koti la waridi anawapanga kama bata. Anawabebea mpaka maji."

Marwati alifuta sharti la jina la ukoo. Vidole vilikuwa na jasho. Alifuta na la jina la kwanza bila kuona.

Akabonyeza.

Mistari iliyobadilika: 1,412.

Abiria wote wa siku ile. Wazee, watalii, wagonjwa wanaofuata hospitali ng'ambo. Wote ZUIA.

Akaandika amri ya kurudisha. Akabonyeza. Akahesabu moja, mbili, tatu. Jedwali likarudi lilivyokuwa. Nje hakuna aliyejua kitu.

"Mbona kimya?" Tugino aliuliza.

"Nilitaka kuifunga bandari nzima."

"Ungeniaga kwanza."

Saa nne na dakika ishirini.

Akatoa mikono kwenye kibodi. Akavuta pumzi. Tazama kwanza, halafu ubadilishe. Hata mpishi huonja kabla ya kuongeza chumvi.

Hakuomba kubadilisha tena. Aliomba kuonyeshwa tu: kila mwenye jina la kwanza Paryati.

Wakatokea sita.

Hapo akaona. Fomu ya gati ilitengenezwa na watu wenye majina mawili, na haikubali nafasi tupu. Basi makarani walikuwa wanajaza wanavyojua. Wawili waliwekewa kistari. Wanne walirudiwa jina: Paryati Paryati. Aliyekuwa na jina moja kapewa mawili yaleyale, na mtu wa jina la ukoo tupu hakuwepo kabisa.

Lakini yupi?

Akapiga simu kwa mama.

"Bu Sarinten, Paryati amezaliwa tarehe ngapi?"

"Tarehe iko kwenye karatasi, na karatasi kaondoka nazo zote." Mafuta yalikuwa yanachemka nyuma ya sauti yake. "Mbona unaniuliza leo, Bu? Kapanda?"

"Siku yake je?"

"Siku naijua. Ijumaa Kliwon. Kila ikizunguka nampikia uji wake, mwekundu na mweupe. Hata mwezi huu nilipika, akala nusu, akasema ana haraka. Bu, kapanda?"

"Nitakupigia."

Marwati alifungua kalenda ya Kijawa kwenye Samsung yake, ile inayounganisha siku saba za wiki na siku tano za soko. Tarehe sita za kuzaliwa, akaziingiza moja moja. Jumatatu Pon. Alhamisi Wage. Jumapili Legi. Jumatano Pon. Ijumaa Kliwon. Jumamosi Pahing.

Mmoja tu.

Mstari wa mia nane na tatu. Na pembeni mwake, namba ya tiketi ya kundi: KMB77. Akaomba kuonyeshwa wote wenye KMB77.

Saba.

Akaanza kazi upya. Badilisha hali iwe ZUIA, pale ambapo tiketi ni 'KMB77'. Akalisoma sharti mara mbili, kwa kidole.

Mistari iliyobadilika: 7.

"Tugino. Nyekundu."

"Kijani, Bu."

"Tazama vizuri."

"Nina macho. Koti la waridi kapitisha wawili sasa hivi. Kijani, kijani."

Marwati alitazama skrini. Saba. Imeandikwa saba. Na huko langoni hakuna kitu.

Kazi ilikuwa bado imefunguliwa. Aliibadilisha kwake tu, ndani ya mashine ile. Hakuithibitisha.

Akaandika neno moja la kuthibitisha. Akabonyeza kwa nguvu mpaka kibodi ikalia.

"Nyekundu," Tugino alisema. "Nyekundu. Watano wamekwama. Koti la waridi anakimbia." Vishindo. Ndoo ikaanguka. "Hakimbii tena."

"Hao wawili?"

"Wako ndani ya feri."

Saa nne na dakika ishirini na tisa. Marwati aliruka ngazi tatu tatu. Gatini nahodha alikuwa ameshika daftari, anakunja uso. Sheria ya gati ni moja: kamba haifunguliwi mpaka vichwa vilivyomo vilingane na skrini. Vichwa vilikuwa vimezidi viwili.

"Nani kaniharibia hesabu?" nahodha aliuliza.

"Mimi," alisema Marwati. "Nipe wawili wangu uende zako."

Wa pili kushuka alikuwa Paryati. Alivua barakoa. Uso uleule wa darasa la sita, umekuwa mkali tu.

"Wewe ndiye yule mama anayekuja kula tofu kwetu."

"Ndimi. Twende, mwanangu. Mama anangoja."

"Mama?" Alicheka bila furaha. "Muulize mama nani alinipeleka kwa wakala. Nilikuwa nalia, akanifunga mkanda wa begi mwenyewe. Akawaambia majirani mwanawe anakwenda ofisini."

"Baadaye alisikia habari za huko. Akaogopa."

"Kijiji kizima kimekula wali wa kuniaga, bibi. Nirudi niseme nini? Wiki ijayo kuna gati nyingine."

Akakaa juu ya begi lake, akaipa bahari mgongo. Watano wengine walikuwa wanalia langoni. Hakuna aliyelia kwa shukrani.

Simu ikalia. Bu Sarinten.

"Yuko salama," alisema Marwati. "Hakupanda."

Ng'ambo ya simu mwanamke alianza kulia, mafuta yakiungua. "Nipe nimsikie, Bu. Neno moja tu."

Marwati alinyoosha simu. Paryati aliitazama kama mtu anavyotazama bili isiyo yake. Akachomeka vipokea sauti masikioni.

"Kuna kelele hapa, Bu," alisema Marwati. "Atakupigia mwenyewe."

Akakata. Akamwachia Tugino mwanamke wa koti la waridi, akaweka miwani ya jua, akatoka kwa lango la mizigo bila haraka. Nyuma yake feri ilipiga honi na kuondoka, imepungukiwa abiria saba.