Mmiliki wa Picha

Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, mhazili wa ofisi ya wasanifu majengo aliona kwamba picha ya binti yake haikuwa tena mali yake. Picha yenyewe ilikuwa palepale alipoiweka jana, katika folda ya pamoja, na mtoto alikuwa bado anacheka ndani ya sare mpya ya shule. Lakini kwenye safu inayoonyesha mmiliki wa kila faili, mahali palipopaswa kuwa na jina la mhazili, palikuwa na jina ambalo macho yaliweza kulifuata herufi kwa herufi huku ulimi ukikataa kulitamka.

Chanzo kilikuwa uchovu wa fundi. Ofisi ilikuwa na kompyuta tatu, kila moja na mfumo endeshi wake: ya mhazili, ya mchoraji ramani, na seva kuukuu iliyowekwa pembeni kutunza kazi za wote. Kwa wiki mbili hazikupatana. Hii ilidai nywila ambayo ile haikuijua, na mhazili akawa mtu wa kubeba flashi kutoka meza hadi meza. Jumatatu mchana fundi, ambaye kwa wembamba wake aliitwa Waya, aliishiwa na subira. Akaiamuru seva imfungulie yeyote, anayejulikana na asiyejulikana, aingie, asome, aandike na amiliki. Mchoraji alipouliza kama hilo ni salama, Waya alicheka akasema hata jini akitaka apite, mradi yeye aende nyumbani mapema. Nusu saa baadaye mhazili aliweka humo picha ya mtoto ili aichapishe kwa printa ya mchoraji.

Kufikia adhuhuri ya Jumanne, pembe ya seva ilikuwa inanuka nywele zinazoungua. Feni yake, ambayo kwa miaka ilivuma mfululizo, sasa ilivuta pumzi, ikatulia, ikaitoa. Waya alijaribu mara tisa kulirudisha jina la mhazili kwenye ile picha. Mara zote tisa seva ilimjibu kwamba hana ruhusa.

Saa kumi na moja mhazili alifika nyumbani. Mtoto alikuwa ameketi akiutazama ukuta, na bibi yake alisema amekaa hivyo tangu asubuhi. Aliitwa mara tatu ndipo akageuka, akamtazama mama yake kwa adabu wanayopewa wageni.

"Shikamoo," alisema. "Unamtafuta nani?"

Jumatano hakula wala hakusinzia. Mama yake alipomwekea sikio kifuani alisikia pumzi ikivutwa, ikitulia, ikitolewa, kwa mwendo uleule wa seva.

Alhamisi asubuhi mganga, aliyeitwa na bibi, aliingia ofisini: mwanamke mnene mwenye miwani, aliyestaafu ukarani wa masjala kabla ya kuanza kutibu watu. Hakuja na kibuyu wala ubani. Alivuta kiti, akaomba aonyeshwe safu ya wamiliki, akaisoma mstari kwa mstari.

"Nani alimruhusu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi, mama," Waya alinong'ona. "Nilikuwa natania."

"Yeye hakutania. Na hakuiba kitu hapa, aliambiwa achukue, akachukua. Mwizi ningemfukuza. Mwenye mali nitamfukuzaje?"

"Mwanangu si mali yake," alisema mhazili.

Mganga aliweka kidole juu ya lile jina kwenye safu.

Waya ndiye aliyepata njia. Alieleza kwamba anayenakili faili huwa mmiliki wa nakala yake, na ile ya asili hubaki kwa mwenyewe. Mganga alivua miwani, akaifuta, kisha akasema kwamba jambo hilo halikatazwi, ila mtu asije akamuuliza baadaye ni nini kilichopatikana. Mhazili hakungoja amalize. Saa tano kasoro dakika tatu alibonyeza mwenyewe kitufe cha kunakili, na saa tano kasoro dakika mbili bibi alipiga simu akilia kwa furaha: mtoto ameomba chakula, na anauliza mama atarudi saa ngapi.

Jioni ile alimwogesha mwanawe, wakicheka, maji yakimwagika kila upande, mpaka alipofika gotini ambapo kovu alilolipata mtoto alipoanguka ngazini mwaka jana halikuwepo, akaligeukia goti la pili akidhani amechanganya, nalo likawa safi, akashuka kwenye nyayo akazikuta laini kama ulimi, nyayo zisizowahi kukanyaga kitu, akainama taratibu kuunusa utosi wa mtoto, utosi alioujua tangu dakika ya kwanza ya kuzaliwa kwake, nao haukunukia chochote.

Simu ililia. Alikuwa Waya.

"Dada, leo lala usingizi," alisema. "Nimeichomoa diski ya seva nikaivunja kwa nyundo. Ile picha ya asili haipo tena duniani." Akashusha sauti. "Ila nyundo iliposhuka mara ya kwanza, kitu humo ndani kilimwita mama yake."