Mgeni Asiyelowa

Kwenye mkanda wa harusi ya Felista, iliyofanyika Nkunga siku ya mvua kubwa, kulikuwa na mgeni mmoja ambaye hakulowa.

Ambindwile alimwona alipokuwa akihamishia picha za harusi ile kwenye kompyuta ya studio yake, pale Ibighi, Tukuyu. Watu wote uani walikuwa wamejikunyata chini ya miavuli na majani ya migomba, suti zimewagandamana mgongoni. Nyuma yao alisimama mwanamume mwenye kanzu nyeupe, kaipa kamera mgongo. Kanzu yake ilikuwa kavu, imenyooka kama iliyotoka kupigwa pasi sasa hivi.

Mkanda ule Ambindwile aliupiga mwenyewe. Hakukumbuka kanzu yoyote. Ilikuwa harusi ya Wakristo wa Moravian, na wazee wote alikuwa akiwafahamu. Alitaka kuitazama ile sehemu vizuri, lakini picha ilikuwa inakwamakwama. Ilikwenda kidogo, ikaganda, ikaruka mbele.

Mwaka ule wa 2004 maharusi wengi wa Tukuyu walikuwa wakimtegemea yeye, na kompyuta yake ilikuwa ya kuungaunga. Ilitoka kwenye mitumba ya ofisi, ikaongezewa diski na feni iliyong'olewa kwenye gari, na ubavu mmoja wa boksi ukakatwa kwa msumeno ili vyote vienee. Kazi hiyo aliifanya Sadalla, fundi ambaye babu yake alifika Tukuyu kutoka pwani na cherehani yake. Mashine ilikuwa mali ya Sadalla, chumba kilikuwa cha Ambindwile, na walikuwa wakifanya kazi pamoja. Sasa Sadalla alikuwa amekufa, kapigwa na umeme humo humo studioni, na Ambindwile alikuwa amemwambia mjane wake, Siwema, kwamba mashine nayo Sadalla alishamwachia yeye Ambindwile.

Kompyuta ile haikuwa na kadi yake ya picha. Picha zilikopa nafasi kwenye kumbukumbu ileile inayotumiwa na kazi nyingine zote. Sadalla alizitengea megabaiti nane tu, akakataa katakata kuongeza. Ambindwile aliona huo ulikuwa ubahili wa fundi. Akaizima mashine, akaiwasha, akaingia kwenye ule ukurasa wa bluu wa setingi, na nane akaifanya thelathini na mbili.

Picha ikawa laini kama maji. Mvua ya Nkunga ikaonekana tone kwa tone. Na mwanamume wa kanzu alikuwa amegeuka, amesimama ubavu.

Ambindwile alisogeza kiti nyuma. Chumbani kulikuwa na harufu ya udi, na chini ya udi harufu nyingine, ya nywele zilizoungua. Alichungulia nje. Ukungu ulikuwa umefunika barabara na hakukuwa na mtu.

Alirudi mapema nyumbani Msasani, mtaa wa hapo hapo Tukuyu. Mkewe, Sekela, alimwekea magimbi na maharage, wakala na binti yao Prisca. Katikati ya chakula Ambindwile alinyoosha kidole kwenye picha iliyotundikwa ukutani, akauliza yule mama ni nani. Sekela alicheka, kisha akaacha, kwa sababu mumewe alikuwa akingoja jibu. Yule mama alikuwa mama mzazi wa Ambindwile mwenyewe.

Kesho yake alijaribu mkanda mwingine, wa kipaimara. Kanzu ilikuwamo, kanisani, kati ya watoto. Wazo lilimjia kwamba ndugu za Siwema wanamfanyia mchezo, na kwamba akiuona uso atajua ni nani. Mtu yule alikuwa anageuka. Picha ikaganda pale pale uso ulipokaribia kutokea. Ambindwile akarudi kwenye ukurasa wa bluu, thelathini na mbili akaifanya sitini na nne.

Uso ulikuwa wa Sadalla. Macho yamemtoka, mdomo wazi bila sauti, mkono umenyooshwa kumwelekea Ambindwile, na vidole vyake vilikuwa vyeusi.

Hivyo ndivyo alivyokuwa siku aliyokufa. Mvua ilikuwa imevuja toka darini na sakafu ilikuwa na maji, na Sadalla, peku, alikuwa ameingiza mkono ndani ya boksi baada ya Ambindwile kumhakikishia kuwa umeme umezimwa, ingawa haukuwa umezimwa, kwa kuwa Ambindwile alisahau. Hilo lilikuwa kosa tu, na lingeweza kusameheka. Lakini umeme ulipomkamata fundi, Ambindwile aliruka hadi kwenye swichi kubwa ukutani, akaishika, na mkono ukiwa juu ya swichi akakumbuka kwamba asubuhi ile Sadalla alimwambia anahama, anakwenda Mbeya kufungua studio yake mwenyewe, na mashine anaichukua, na maharusi wote wa Tukuyu watamfuata. Akayawaza hayo yote huku akimtazama mwenzake akitetemeka, akasubiri, na alipozima swichi na kupiga kelele za kuita majirani, Sadalla alikuwa ametulia.

Ambindwile alijaribu kuirudisha setingi kwenye nane, ikakataa. Akachomoa waya ukutani. Feni ya gari ikaendelea kuzunguka, kioo kikabaki na mwanga, na uso ukabaki kwenye kioo. Alitoka mbio kwenye ukungu hadi nyumbani, na alipofika mlangoni akashindwa kumwita mwanamke aliyemfungulia, kwa kuwa hakulijua jina lake.

Sekela alikuwa mwanakwaya, na kwanza aliita mchungaji, aliyeomba hadi sauti ikamkauka. Siku ya pili Ambindwile alimfukuza Prisca nyumbani, akisema hana mtoto. Ndipo Sekela akafunga kanga yake vizuri na kumpeleka mumewe kwa Bi Suad, mganga wa majini aliyekuwa akiishi karibu na soko.

Bi Suad alikuwa akiifahamu familia ya Sadalla. Aliweka makaa kwenye chetezo, akatupia udi, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Baadaye akanyamaza, kichwa kikamwangukia kifuani, na sauti iliyomtoka ilikuwa nzito, ya kiume.

"Kiti changu kimevunjwa," ilisema.

Sekela alimshika mumewe mkono. Alishawahi kusikia kwamba mtu anayekaliwa na jini huitwa kiti chake. Bi Suad aliporejea kwenye sauti yake alimweleza mengine. Jini lile lilitoka pwani na bibi yake Sadalla, likarithiwa na mama yake, kisha na Sadalla mwenyewe. Halikuwahi kumdhuru mtu. Lakini sasa halitaki mbuzi wala marashi. Linataka aliyoyaona mwanamume huyu yasemwe, na yasemwe kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya mjane, kisha litaondoka.

Siwema akaitwa. Alikuja na kaniki ya eda, akakaa karibu na mlango, hakumsalimu mtu. Ambindwile alimtazama. Mambo mengi yalikuwa yameshamtoka kichwani kuipisha ile picha, jina la kijiji chake, sura ya baba yake, maneno ya sala, lakini lile moja lilikuwamo lote, na hilo Bi Suad aliliona machoni pake.

"Sema, baba," alimwambia taratibu. "Mlango uko wazi kwa leo tu."

Ambindwile alilamba midomo. "Mimi nilikuwa nje," alisema. "Niliporudi nilimkuta ameshakufa. Mashine alikuwa ameshaniachia."

Hakuna kilichoanguka, hakuna aliyepiga kelele. Bi Suad alichukua kikombe cha maji, akamwagia makaa. Sekela akauliza kinachofuata ni nini. Mganga akasema yeye amemaliza, mwenzao ameshajibu, na walipokuwa wakitoka hakuwaangalia.

Asubuhi Ambindwile aliamka hajui kufunga vifungo vya shati. Hakujua mvua ni nini, aliinyooshea kidole dirishani kama mtoto. Hakumjua Sekela, hakujua kama yeye ni mwanamume aliyeoa, na alipoulizwa jina lake macho yalimtoka na akaanza kueleza.

"Mkono wangu uko kwenye swichi," alisema. "Anatetemeka. Naweza kuzima. Sizimi."

Alieleza mwanzo hadi mwisho, akameza mate, akaanza upya. Polisi walikuja, wakasikiliza, wakamwona mgonjwa wa akili, wakaondoka. Siwema alikwenda studioni na ndugu zake wakabeba ile kompyuta, na hakuna aliyewazuia. Walipoiwasha ilifanya kazi bila kukwama. Mkanda wa Felista ulikuwa safi, wageni wote wamelowa, na mahali alipokuwa amesimama yule wa kanzu palikuwa na mgomba tu.

Ambindwile sasa hushinda barazani, Msasani. Anayepita akimsalimia kwa Kinyakyusa, kwa "ndaga," hujibiwa kwa habari ya swichi. Prisca amehamia kwa shangazi yake. Sekela amebaki, anamlisha kwa kijiko, na anayasikia yote kila anapomfuta mdomo.

Alasiri Siwema huja. Huvuta kigoda, hukaa mbele ya Ambindwile na kumsikiliza hadi mwisho bila kutikisika, kisha huenda zake. Siku moja Sekela alimfuata hadi barabarani, akapiga magoti kwenye tope, akamwomba aliombe jini limwachie mumewe.

"Sikulituma mimi, mama Prisca," Siwema alisema, akamwinua kwa mikono miwili. "Na wewe humsikilizi vizuri. Wiki iliyopita alikuwa anasema Sadalla alifungua mdomo bila sauti. Leo ameanza kuisikia sauti ya mume wangu, na mimi nakuja kusikia alichosema."