Harusi Kupitia Dishi

Kila alipotoka shule, Payal alifua soksi zake, akanywa chai, kisha akashuka dukani kumsaidia baba yake. Bwana Kirit alikuwa na saiba mjini Naivasha, chumba cha kompyuta chache ambapo watu walikuja kusoma barua pepe. Aprili hiyo ya mwaka 2008 alikuwa ameweka dishi kubwa juu ya paa ili apate intaneti ya setilaiti. Payal alilionea fahari mno, utadhani setilaiti yenyewe aliirusha yeye.

Fundi aliyelifunga hakuwaficha kitu. "Barua na picha za kawaida zitapita vizuri," alisema. "Lakini video ni mzigo. Laini hii mnagawana na wateja wengi, na mvua kubwa ikinyesha inakatika." Payal aliyasikia yote. Ila sifa ni tamu, na maneno ya fundi hayakuwa na utamu wowote.

Siku moja akaingia Wangare, mama mmoja wa kijiji cha Kamere aliyefanya kazi ya kufunga maua katika shamba moja kando ya ziwa. Mwanawe wa pekee, Muiruri, alikuwa akioa Ujerumani Jumamosi iliyofuata, na nauli ya kwenda huko mama hakuwa nayo.

"Amesema atanipigia simu kutoka kanisani niwabariki," alisema. "Ama hiyo dishi yenu inaweza kunionyesha?"

Baba alikuwa ametoka. Payal angeweza kusema, "Ngoja nimuulize." Badala yake alijibu, "Simu ya nini, Mama Muiruri? Hii ni setilaiti! Utamwona live, kama kwa TV. Haikatiki!"

Mama wa watu akaamini. Akamwambia mwanawe aachane na simu, rafiki yake aweke kompyuta yenye kamera mbele kanisani.

Jumamosi alasiri Wangare alifika na wanawake wenzake wa kazini, wote ndani ya vitenge vipya. Bwana Kirit alishtuka.

"Payal, nani ameahidi video?"

Payal akakimbilia kompyuta kuwaita watu wa Ujerumani.

Picha ilitokea. Muiruri alionekana ndani ya suti, mdomo wazi, hasogei. Sauti yake ilikuja vipande vipande. "Niko hapa, mwanangu!" Wangare aliita. Bwana Kirit akawaomba wateja wengine waache kutumia mtandao, na picha ikasogea kidogo. Kisha mvua iliyojikusanya upande wa Mlima Longonot ikamwagika juu ya paa, na mawasiliano yakakatika.

Wakajaribu simu. Ya Muiruri ilikuwa imezimwa, maana aliambiwa haihitajiki. Mvua ilipokwisha, harusi nayo ilikuwa imekwisha, na harusi hairudiwi kama hesabu iliyokosewa.

Payal alilia kwa aibu. "Nisamehe, Mama Muiruri. Fundi alituambia. Nilijua."

"Kosa si lake peke yake," Bwana Kirit akasema kwa huzuni. "Hata mimi nimelisifu dishi hili kwa kila mteja bila kutaja mipaka yake. Mtoto ameniiga."

Jumatatu kulipambazuka kweupe, na picha za harusi zikaingia kwa barua pepe bila shida. Bwana Kirit akazichapisha kubwa, wala hakudai malipo. Jioni yeye na Payal wakazipeleka Kamere. Wangare alizitazama moja moja, akampapasa mkaza mwana usoni pale pichani kwa kidole.

"Ni nzuri, mami," alimwambia Payal, bila hasira. "Ungeniambia tangu mwanzo kwamba nitapata picha tu, leo ningezipokea nikicheza. Na Muiruri angesikia baraka yangu siku yake, kwa simu. Mtu akikuuliza kitu, mpe ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni mdogo. Atajua mwenyewe la kufanya nao."